Nani Ashike Daftari, Nani Ashike Ufunguo? Maswali ya Wanachama wa Vikoba na SACCOS Mlandege

Katika kata ya Mlandege, Manispaa ya Iringa, si rahisi kumpata mama mwenye meza ya nyanya sokoni, fundi cherehani au dereva wa bodaboda ambaye hana kitabu cha hisa mahali fulani. Wengine wamo kwenye kikoba cha mtaani, wengine kwenye SACCOS, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, na wapo waliomo kote kuwili. Kikundi kinapovunjika, mara nyingi fedha zilikuwepo. Kilichokosekana ni kujua nani anaamua, nani anaandika, nani anatunza na nani anakagua.

Maelezo haya yanajibu maswali ya kawaida kuhusu muundo wa kikundi, yaani mgawanyo wa kazi na madaraka ndani yake, pamoja na uendeshaji wake wa kila siku. Ni elimu ya jumla. Kwa shauri lililokwisha kuwa mgogoro, fika kwenye ofisi zinazotajwa humu.

KUJUA MAHALI KIKUNDI CHAKO KILIPO

Kikoba na SACCOS vinatofautianaje kisheria?

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewapanga watoa huduma katika madaraja manne. La kwanza ni benki na taasisi zinazopokea amana, yaani fedha ambazo wananchi huziweka huko zitunzwe. La pili ni kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, la tatu ni SACCOS, na la nne ni vikundi vya kijamii, ambamo vikoba vimo. Msimamizi wa yote ni Benki Kuu ya Tanzania (BOT), ambayo imekasimu, maana yake imekabidhi, usimamizi wa SACCOS kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika na usimamizi wa vikoba kwa halmashauri. Kwa hiyo mwanachama wa kikoba huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, na wa SACCOS huanzia kwa Afisa Ushirika wa manispaa.

Sisi ni majirani tu, tunaweka elfu mbili kila Jumapili. Hata sisi tujisajili?

Ndiyo, iwapo mnakusanya akiba na kukopeshana. Kanuni za mwaka 2019 zinataka kikundi cha namna hiyo kiwe na wanachama wasiopungua 10 na wasiozidi 50, kiwe na katiba, na kiwe na cheti kutoka halmashauri. Cheti hicho ndicho benki hukiuliza mnapokwenda kufungua akaunti ya kikundi.

Tumesikia kwamba kusajili ni njia ya Mamlaka ya Mapato (TRA) kutufikia.

Hofu hiyo inaeleweka, lakini mambo hayo ni mawili tofauti. Kikundi kinasajiliwa na halmashauri, na cheti chake si makadirio ya kodi. Kikundi kikifungua biashara, tuseme duka la jumla au mashine ya kusaga, biashara hiyo itafuata taratibu za kodi kama ya mtu mwingine yeyote, na ingezifuata hata kama kikundi kisingesajiliwa.

Na wanaosema fedha zikiingia benki kwa jina la kikundi serikali inaweza kuzichukua?

Akaunti ni mali ya kikundi. Wanaotia saini za kutoa fedha ni wanachama mliowachagua wenyewe na kuwaandika kwenye muhtasari wa kikao, yaani kumbukumbu iliyoandikwa ya mambo mliyoamua. Afisa wa kata au wa manispaa anaweza kuwashauri na kukagua mnavyoendesha mambo, lakini hapaswi kuwa mmoja wa watia saini. Akiomba kuwa, kataeni kwa adabu.

MGAWANYO WA KAZI

Mweka hazina wetu ni mcha Mungu na hajawahi kupoteza hata shilingi. Kwa nini tumgawanyie kazi?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, kwa sababu linagusa heshima ya mtu, nasi tunaomba lisomwe polepole. Katika kikundi chochote cha fedha kuna kazi nne: kuamua fedha iende wapi, kuishika fedha yenyewe, kuandika kilichotokea, na kukagua kama maandishi yanalingana na fedha. Anayeamua asiwe ndiye anayeshika, anayeshika asiwe mwandishi pekee, na mkaguzi asitoke kati ya hao. Kazi mbili kati ya hizi zikikutana mikononi mwa mtu mmoja, hata awe malaika, kikundi kimebaki na neno lake tu.

Chukueni mfano. Sanduku, daftari na ufunguo vyote viko nyumbani kwa mama mmoja. Siku ya kikao inakosekana laki tatu. Huenda mwandishi alikosea kujumlisha wiki mbili zilizopita, au mkopo ulitolewa haraka kwa mgonjwa ukasahauliwa kuandikwa. Mama huyu hana namna ya kujitetea, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeona, aliyehesabu wala aliyefunga. Kesho yake mtaa mzima una habari. Mgawanyo wa kazi unamkinga mtu mwaminifu kwanza, kabla ya kumzuia mwizi.

Vikoba vingi vina njia inayofanya kazi vizuri: sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hukaa kwa wanachama watatu wasio viongozi, wanaotoka kaya tofauti, na sanduku hukaa kwa mtu wa nne. Wahesabu fedha wawili huhesabu mbele ya wote, na katibu hutaja jumla kwa sauti kabla ya kufunga ili kila mtu aikumbuke kikao kijacho. Mtindo huu umetokana na vikundi vya akina mama vilivyoanzishwa nchini Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, ukaenea Afrika na kufika kwetu. Wale akina mama wengi hawakujua kusoma. Kumbukumbu ya pamoja ndiyo iliyokuwa leja yao.

Katiba ya kikundi ina kazi gani zaidi ya kupatia cheti?

Ina kazi siku mnapokosana. Katiba nzuri inajibu maswali ya siku mbaya: mwanachama akishindwa kurejesha, kiongozi akihama mji, watu wawili wakigombea uenyekiti, wanachama wakitaka kuvunja mzunguko wa kuweka akiba kabla ya wakati. Si ajabu kukuta katiba iliyochapwa stationery ikiwa bado na jina la kikundi kingine katika ukurasa wa tatu, na hiyo ni dalili kwamba hakuna aliyeisoma. Isomeni kwa sauti katika vikao viwili au vitatu, kifungu kwa kifungu, kabla ya kuitia saini.

Kwenye SACCOS, nani ana kauli ya mwisho?

Mkutano mkuu wa wanachama, ambamo kila mwanachama ana kura moja bila kujali wingi wa hisa zake. Mkutano huo unachagua bodi, ambayo kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 ina wajumbe wasiopungua 5 na wasiozidi 9. Bodi inasimamia sera na kumwajiri meneja, naye meneja na watumishi wake wanafanya kazi za kila siku. Pembeni ipo kamati ya usimamizi, ambayo ni macho ya wanachama: inakagua bodi na watumishi na kutoa taarifa kwa mkutano mkuu, wala haipokei maagizo ya mwenyekiti wa bodi.

Mjumbe wa bodi anaweza kumpigia simu meneja na kumwambia, "Huyu mpe mkopo leo"?

Hapana. Mjumbe ana mamlaka akiwa ndani ya kikao cha bodi. Nje ya kikao ni mwanachama kama wengine. Maombi ya mikopo hupita kwenye kamati ya mikopo kwa vigezo vilivyoandikwa, na meneja anayepokea agizo la simu ana haki ya kuomba liletwe kwa maandishi. Uzoefu unaonyesha kwamba maagizo mengi ya simu hukoma hapo hapo.

Kiongozi naye haruhusiwi kukopa?

Anaruhusiwa, kwa masharti yale yale ya wengine. Ombi lake linapojadiliwa anatoka nje, na muhtasari unaandika kwamba alitoka. Hali hii huitwa mgongano wa maslahi, pale ambapo faida ya mtu binafsi na wajibu wake kwa kikundi vinavutana. Inamhusu pia kiongozi ambaye mke, mume, mtoto au mshirika wake wa biashara anaomba mkopo.

Mwenyekiti wetu yupo tangu kikundi kianze. Je, tunaweza kumwacha aendelee?

Kwa kikoba, someni katiba yenu; kama haina ukomo, ongezeni. Kwa bodi za ushirika, sheria inaweka vipindi vya miaka mitatu mitatu na ukomo wa kuchaguliwa tena. Jambo linalosahauliwa ni makabidhiano: kiongozi anayeondoka akabidhi kwa maandishi vitabu, mihuri, kadi za benki, orodha ya wadaiwa na namba za siri zilizobadilishwa siku hiyo hiyo, mbele ya mashahidi. Kumshukuru kwa khanga au mbuzi ni vizuri, baada ya makabidhiano.

UENDESHAJI WA KILA SIKU

Vikao vyetu vinachukua saa tatu na hatukumbuki tulichoamua. Tufanyeje?

Ajenda isizidi mambo ambayo mnaweza kuyamaliza, na fedha zihesabiwe mwanzoni watu wakiwa wote na akili zao zikiwa hapo. Kila azimio liandikwe pamoja na jina la atakayelitekeleza na tarehe ya kumaliza. "Kikundi kitafuatilia" maana yake hakuna atakayefuatilia. Hakikisheni pia akidi, yaani idadi ya chini ya waliohudhuria inayofanya uamuzi uwe halali, imetimia kabla ya kupiga kura.

Kila mwaka sanduku linakauka Novemba, wakati ambao watu wanahitaji zaidi. Ni bahati mbaya?

Ni kalenda. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia karibu Novemba hadi Aprili. Mvua ikikaribia, watu wa Mlandege wenye mashamba ya mahindi Kilolo au vijiji vya Iringa Vijijini wanataka mbegu na mbolea wote kwa pamoja. Desemba kuna safari na sikukuu, Januari kuna sare na mahitaji ya shule. Mchuuzi wa sokoni naye ana mwendo wake: mtaji wake unazunguka kwa wiki, ilhali ule wa mkulima unarudi baada ya mavuno.

Kikundi kinachotoa mikopo yote kwa masharti ya aina moja kitawabana wote wawili. Gaweni mapema. Amueni Julai au Agosti ni kiasi gani kitabaki sandukuni kwa ajili ya pembejeo na ada, wekeni mkopo wa muda mfupi kwa biashara na wa msimu kwa kilimo, na pangeni tarehe ya mgao, yaani siku ya kugawana akiba na faida, isigongane na siku ambayo wakulima wenu hawana kitu mfukoni. Vikundi vinavyogawana katikati ya Desemba halafu vinalalamika kwamba Januari hakuna pa kukopa, vimejipangia vyenyewe. Hakuna sheria inayosema mgao uwe Desemba.

Nina haki ya kuona vitabu vya fedha, au nitaonekana mchochezi?

Ni haki ya kila mwanachama kujua hali ya fedha za kikundi chake na kuona hesabu zake mwenyewe. Omba kwa katibu au meneja, ikiwezekana kwa barua fupi, na taja kitu unachotaka kuona. Taarifa za mikopo ya wanachama wengine ni siri yao, kwa hiyo hutaonyeshwa kila kitu, ila jumla zote na kumbukumbu zako lazima uzione.

Mama yangu hajui kusoma. Atajilindaje?

Hisa zihesabiwe kwa mihuri kwenye kitabu chake: muhuri mmoja, hisa moja. Anahitaji tu kuhesabu mihuri, na hilo analiweza. Kikao kisome kwa sauti akiba na deni la kila mtu, na mkataba wa mkopo usomwe wote kabla ya kuweka dole gumba, pakiwa na shahidi aliyemchagua mwenyewe.

Ukaguzi wa SACCOS unafanywa na nani?

Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (COASCO), lililoanzishwa mwaka 1982, au mkaguzi mwingine aliyeidhinishwa. Taarifa yake husomwa kwenye mkutano mkuu. Usiishie kusikia kwamba "hati ilikuwa nzuri". Uliza mkaguzi alitaja kasoro gani, na zile za mwaka uliopita zimerekebishwa au zimehamishiwa mwaka huu.

Ukomo wa madeni ni nini? Tunaupigia kura kila mwaka bila kuuelewa.

Ni kiwango cha juu kabisa ambacho SACCOS yenu inaruhusiwa kukopa kutoka nje, kwa mfano benki, katika mwaka husika. Mkutano mkuu unaupitisha, na Mrajis wa Vyama vya Ushirika anauidhinisha. Kabla ya kunyoosha mkono, uliza: fedha hizo zitakopeshwa kwa riba gani, benki inataka riba gani, na wanachama wakichelewa kurejesha, benki italipwa kwa fedha ipi? Jibu la swali la mwisho kwa kawaida ni "kwa akiba zenu."

USALAMA WA FEDHA NA WA WATU

SACCOS yangu ikianguka, nitalipwa kama wateja wa benki?

Usihesabu hivyo. Bodi ya Bima ya Amana hulinda amana zilizo katika benki na taasisi za fedha, hadi kiwango kilichowekwa, ambacho mwaka 2023 kilipandishwa kutoka shilingi milioni 1.5 hadi milioni 7.5 kwa kila mwenye amana. Akiba za SACCOS na vikoba hazimo. Jirani zetu wa Njombe wanalijua jambo hili kwa karibu: tarehe 4 Januari 2018 BOT ilizifunga benki tano kwa upungufu wa mtaji, mojawapo ikiwa Njombe Community Bank, na wenye amana waliangukia kwenye kinga hiyo ya bima. Mwanachama wa SACCOS anategemea mtaji wa chama, akiba ya tahadhari, na uangalifu wa bodi aliyoichagua.

Wazee wanasema serikali iliwahi kuua ushirika, na itafanya hivyo tena.

Wazee wanakumbuka jambo lililotokea kweli. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika na kazi zake zikapelekwa kwa mamlaka za mazao; sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, ile ya 1991 ikasisitiza kwamba vyama ni mali ya wanachama, na leo tunatumia ya 2013. Chini ya sheria ya sasa Mrajis anaweza kuingilia, na hata kufuta chama, kwa sababu zilizoandikwa na kwa utaratibu wenye nafasi ya kukata rufaa. Chama chenye wanachama wanaohudhuria na vitabu vilivyokaguliwa hakimpi Mrajis sababu.

Sanduku letu linakaa nyumbani kwa mtu. Je, ni salama?

Mwanzo wa mzunguko, pengine. Kadiri mgao unavyokaribia linazidi kunona, na hatari inaongezeka si kwa fedha tu bali kwa familia inayolala nalo. Pelekeni ziada benki au tumieni huduma ya akiba za vikundi kwa simu, kama M-Koba iliyoanza mwaka 2019, ambayo fedha haitoki mpaka viongozi zaidi ya mmoja waidhinishe. Siku na mahali pa mgao msivitangaze kwenye kundi la WhatsApp, na msibebe fedha usiku.

Nilipata ujumbe: "Ile hela ya kikundi tuma kwenye namba hii."

Usitume. Mpigie mweka hazina kwa namba unayoijua siku zote, na usipige ile iliyotuma ujumbe. Ujumbe wa kitapeli utume kwenye namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano, ukitaja na namba iliyoutuma.

Mdaiwa sugu, tunaruhusiwa kwenda kubeba makochi yake?

Kuingia nyumbani kwa mtu na kuondoka na vyombo bila idhini yake au amri ya mahakama kunaweza kuwageuza ninyi watuhumiwa. Zungumzeni kwanza na mdaiwa, kisha wadhamini wake, yaani waliokubali kwa maandishi kulipa asipolipa. Ikishindikana, fungueni madai Mahakama ya Mwanzo mkiwa na mkataba na kumbukumbu za marejesho. Kama dhamana ni nyumba ya familia, ridhaa ya mke au mume ni lazima, na mkopo uliotolewa bila ridhaa hiyo utawasumbua nyinyi kuliko mdaiwa.

Na kumtangaza mtandaoni na picha yake?

Hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalinda picha, namba za simu na taarifa za mtu. Aibu pia haijazi sanduku: aliyeaibishwa huhama mtaa, na deni linahama naye.

Tumebanwa, na kuna watu wanatoa mikopo ndani ya dakika kumi bila maswali.

Hiyo ndiyo mikopo inayoitwa kausha damu. Mkopeshaji halali yuko daraja la pili na ana leseni ya BOT; omba kuiona, soma riba na tozo zote, na ondoka na nakala ya mkataba. Asiye na leseni anaweza kuripotiwa BOT, ambayo ina tawi Mbeya linalohudumia kanda yetu. Kiongozi kukopa huko kwa jina la kikundi bila azimio la kikao ni kosa la kumwondoa madarakani.

FURSA NA KUKUA

Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri ni ruzuku, au ni zawadi ya chama cha siasa?

Si ruzuku wala zawadi. Ni mkopo usio na riba unaotokana na mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ulisitishwa mwaka 2023 kwa sababu ya fedha nyingi kutorejeshwa na uwepo wa vikundi hewa, yaani vilivyokuwepo kwenye makaratasi tu, kisha ukarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Hauhitaji kadi ya chama chochote, na anayewaomba "ya soda" ili kupitisha jina lenu anaomba rushwa: piga 113, namba ya bure ya TAKUKURU.

Kikundi chetu kimefika watu 70. Tumevuka mpaka?

Kwa usajili wa kikoba, ndiyo, kwani mwisho ni 50. Mna njia mbili: kugawanyika kuwa vikundi viwili vyenye katiba na sanduku lake kila kimoja, au kuanzisha SACCOS, ambayo inahitaji watu wasiopungua 20, masharti yaliyosajiliwa na leseni. SACCOS ina gharama za ofisi, mtunza vitabu na ukaguzi, kwa hiyo msiikimbilie kwa sababu ya jina. Kama hamjaweza kuendesha vikao vya watu 70 chini ya mwembe, meneja na kompyuta havitawaponya.

Mwanachama akifariki, fedha zake zinakuwaje?

Anatafutwa mtu aliyeandikwa na marehemu mwenyewe kwenye fomu ya uanachama, pamoja na utaratibu wa mirathi pale unapohitajika. Deni hukatwa kwanza, au hulipwa na bima ya mkopo kama ipo. Viongozi wasiwape fedha ndugu msibani kwa huruma, maana wiki mbili baadaye anaweza kutokea mwenye haki zaidi. Wengi waliandika jina la mtu wakati wanajiunga, na tangu hapo wameoa, wameolewa, wameachana au wamezaa. Kila mwaka kikao kitoe nafasi ya kubadilisha majina hayo.

Fedha zimeshapotea. Tuanzie wapi?

Fungeni vitabu vilivyopo mahali pamoja siku hiyo hiyo, mbele ya mashahidi, na msimruhusu mtu yeyote, hata aliyeonewa, kuandika tena ndani yake. Pigeni picha kurasa na taarifa za simu au benki. Itisheni kikao cha dharura chenye akidi, mchague wanachama watatu wasiohusika wajumlishe upya, na mpeni anayetuhumiwa nafasi ya kueleza kabla ya kumhukumu.

Kikoba kikishindwa kumaliza hapo, nendeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata mkiwa na katiba na muhtasari. SACCOS iende kwa Afisa Ushirika wa manispaa, na kutoka hapo kwa Mrajis Msaidizi wa Mkoa wa Iringa, kwani Mrajis ana mamlaka ya kuagiza uchunguzi wa chama, na aliyesababisha hasara anaweza kutakiwa kuilipa. Panapoonekana wizi au kughushi, toeni taarifa polisi na mchukue namba ya RB. Kufika polisi hakuzuii hatua za ofisi nyingine. Malalamiko yote yapelekwe kwa maandishi, nakala moja ibaki kwenu ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Ofisi ya kata ikikaa kimya, nakala hiyo ndiyo mtakayoiweka mezani kwa Mkurugenzi wa Manispaa.